Mzee kamaliza dripu, sasa?

Watu wa mtaani kwetu Magomeni wakinikuta kituoni wana swali moja: "Mzee kapona?" Wanauliza kwa mapenzi, na wanataka jibu fupi kwa sababu basi linaingia. Nami nawapa fupi: "Alhamdulillah, anaendelea." Leo nimekaa, chai ipo, umeme upo, nitajibu kwa kirefu. Naandika hasa kwa ajili yako wewe ambaye mama au baba bado yuko katikati ya dripu za saratani, na nyumba nzima mnahesabu mkingoja ile ya mwisho. Mkifika, shukuruni. Halafu jiandaeni, kwa sababu miezi inayofuata haina karatasi ya ratiba ya kubandika kwenye friji.

Baba ni fundi cherehani. Ana miaka 64, na kibaraza chake cha kushonea kilikuwepo kabla mimi sijazaliwa. Mwishoni mwa 2024 aligundulika ana saratani ya utumbo mpana, hatua ya tatu: ilikuwa imeingia kwenye tezi za jirani, haijafika kwenye ini wala mapafu. Akapasuliwa, kipande cha utumbo kikaondolewa, na Januari 2025 akaanza tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road. (Barabara yenyewe tangu 2013 inaitwa Barack Obama, lakini mwambie dereva wa bajaji "Ocean Road" uone mtakavyoelewana haraka.) Alipangiwa dawa mbili. Siku ya kwanza dripu ya oksaliplatini, kisha vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa wiki 2, wiki ya tatu anapumzika, mnaanza upya. Mizunguko 8. Tulimaliza Juni.

Ninayoyasema yanahusu dawa hizo. Mama wa rafiki yangu alitibiwa saratani ya titi kwa dawa nyingine na nywele zote zikaondoka, kisha wiki chache baada ya kumaliza zikaanza kuota upya, laini na zenye mvi kuliko zamani. Za Baba zilipungua tu, na kwa kuwa upara ulishachukua nafasi yake siku nyingi, hakuna aliyeona. Kwa hiyo andika majina ya dawa za mzazi wako kwenye daftari. Daktari akikwambia "hii itaisha mapema" au "hii itachelewa", anaizungumzia dawa ile aliyopewa mgonjwa wako, na ya jirani yako inaweza kuwa na mambo yake kabisa.

Shangazi yangu wa Tanga alikuja siku ya dripu ya mwisho. Pilau likapikwa, dua ikasomwa, majirani wakajaa hadi uani. Baba akala matonge machache, akanawa, akaniagiza vidonge vyake, maana vile humezwa ndani ya nusu saa baada ya kula. Shangazi akashangaa: "Si mmesema amemaliza?" Alikuwa amemaliza dripu. Vidonge vilikuwa na wiki 2 mbele, na dawa iliyoingia mwilini mchana ule ilikuwa haijaanza hata kumchosha. Kwa Baba siku mbaya zilikuwa ya tatu hadi ya saba. Wageni waliondoka siku ya pili.

Wiki hizo za mwanzo ndizo za kukaa macho. Chembe nyeupe za damu hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dripu, na dripu ya mwisho haina upendeleo. Sasa sisi watu wa Dar tuna tabia yetu: homa ni malaria. Mtu akisema mwili unachemka, mtoto anatumwa duka la dawa la kona kuchukua mseto na panadol, na maisha yanaendelea. Kwa aliyetoka kwenye tibakemia usithubutu. Joto likifika 38 ni hospitali, saa ile ile, hata kama ni usiku, hata kama mwenyewe anasema "niacheni nilale, asubuhi nitakuwa mzima". Chembe zikiwa chini, bakteria ambao wewe na mimi tungewashinda bila kujua wanaweza kuingia kwenye damu na kumwondoa mtu kwa muda mfupi mno. Na panadol inashusha joto ikaficha dalili, kwa hiyo pima kwanza kabla ya kumpa chochote.

Ilitukuta. Saa nne usiku kipimajoto kikasoma 38.4, na jirani kwa wema wake ameshasimama mlangoni na mseto mkononi. Tukamshukuru, tukaita teksi. Hospitali malaria walipima, haikuwepo. Picha ya damu ikaonyesha chembe nyeupe zimeporomoka, akaanzishiwa dawa za kuua bakteria za mshipani na akalazwa. Kitu cha kwanza daktari wa zamu alichotaka kujua ni dripu ya mwisho ilikuwa lini na ya dawa gani. Ndiyo maana ya lile daftari.

Chakula sitakisemea sana. Baba alikuwa anasema kila kitu kina ladha ya bati, hata maji, na nyama ya ng'ombe hakutaka kuisikia harufu yake. Ndimu ilisaidia. Uji mwepesi ulisaidia, na dagaa wa kukaanga sijui kwa nini. Baada ya miezi miwili hivi, siku moja mezani akamwambia Mama, "Mchuzi huu chumvi umeisahau." Mama, ambaye kwa kawaida ukigusa mapishi yake mnakosana, aliinuka akaleta chumvi huku anacheka.

Baridi nayo ilipita. Oksaliplatini inafanya mishipa ya fahamu isivumilie ubaridi. Miezi ile ya matibabu Baba alikuwa akigusa mlango wa friji anaruka, na maji ya baridi akisema ni kama anameza viwembe. Katika joto la Februari la Dar es Salaam mtu anakunywa maji ya uvuguvugu na kuoga ya moto! Basi baada ya dripu ya mwisho ubaridi ule ukaanza kumwachia wiki hadi wiki, na mwezi wa Agosti akanywa soda kutoka kwenye jokofu la dukani. Tukasema mishipa inapona.

Hapo ndipo palipotuchanganya. Wakati ubaridi unaondoka, ganzi ikaanza kupanda. Ilikuwa kwenye ncha za vidole tu; ikashika vidole vizima, miguuni ikafika kwenye nyayo. Mama akaamini ugonjwa umerudi. Mimi nikaamini kisukari. Kliniki wakatuambia ni dawa ile ile: madhara yake kwenye mishipa ya fahamu yanaweza kuendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha, miwili mitatu hata sita, ndipo yaanze kupungua, na kupungua kwenyewe huchukua mwaka au zaidi. Wengi hupata nafuu kubwa. Wapo wanaobaki na ganzi kiasi. Kama mzazi wako amepewa oksaliplatini, tafadhali lijue hili mapema, kwa sababu mtu anapoona amemaliza dawa na hali inazidi, anafikiria kaburi.

Nieleze ganzi kwa fundi nguo ni nini. Septemba mteja wake wa siku nyingi alileta kitambaa cheupe, anataka kanzu. Baba alikikata vizuri. Mkasi na chaki havihitaji ncha za vidole. Cherehani akakanyaga kwa shida kidogo. Ikabaki kazi ya mkono, kutia vifungo shingoni. Nilikuwa nimekaa pembeni nachambua mchele. Kutia uzi kwenye tundu la sindano, kazi aliyokuwa akiifanya huku anazungumza na wewe usoni, sasa anaifanya ameinua sindano kwenye mwanga, jicho moja amelifumba, uzi unapita kando, unapita kando tena. Ukaingia. Akaanza kifungo cha kwanza. Baada ya kitambo akasema kwa hasira, "Nani kachafua hapa?" Kulikuwa na doa jekundu kwenye ule weupe, na lingine pembeni yake. Akageuza kidole cha kati. Sindano ilikuwa imemwingia, haijulikani mara ngapi, na hakusikia kitu.

Doa alilitoa mwenyewe, kwa maji ya baridi na sabuni ya kipande, akinifundisha kuwa damu usiitie maji ya moto kamwe, inaganda kwenye nyuzi. Kisha akakunja kanzu, akaiweka kwenye mfuko, hakuzungumza tena mpaka Magharibi.

Dawa ya kuondoa ganzi hakuna. Ipo ya kupunguza maumivu kwa wale ambao miguu inawaka moto usiku, inaandikwa na daktari. Vidonge vya vitamini vinavyouzwa kila duka kwa jina la "dawa ya mishipa" tuliviulizia tukaambiwa tusitegemee. Kwa hiyo kinachobaki ni kupanga maisha yawe salama wakati mishipa inajijenga, na hapa mtu wa nyumbani ana kazi nyingi kuliko daktari. Maji ya kuoga mtu mwingine ayapime kwanza kwa kiwiko. Jiko la mkaa asilisogeze yeye. Kila usiku Mama anamtazama nyayo kwa tochi ya simu, kwa sababu mwiba au jeraha halitajulisha. Na kandambili tulizipiga marufuku. Unajua ilikuwaje? Alitoka msikitini akafika nyumbani mguu mmoja uko peku. Kandambili ilivuka njiani, hakujua. Tukamnunulia ndala za mkanda wa nyuma kule Kariakoo, alilalamika kuwa ni za watoto wa shule, sasa hazivui.

Kibarazani pia tulipanga upya. Yule kijana aliyekuwa akijifunza kwake ndiye anatia vifungo na kupinda mikono. Baba anapima, anakata, anakosoa. Kukosoa hakujapata ganzi hata siku moja. Kazi anazopokea ni chache kuliko zamani, na fedha ni chache vilevile, lakini niwaambie kitu ninachokiamini kuliko yote niliyoandika hapa: kumwambia mzee "pumzika Baba, wewe kaa tu" kutwa nzima kulikuwa kunammaliza. Alipopewa mkasi ndipo alianza kuuliza habari za mpira.

Lipo na la alama za vidole, ambalo hakuna ndugu wa mgonjwa niliyewahi kumsikia akilitaja. Julai kibaka wa bodaboda alimnyakua Baba simu mkononi. Siku hizi laini ukiitaka tena ni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na kidole kwenye mashine. Tukaenda kwa wakala, kijana chini ya mwavuli. Kidole gumba: mashine ikakataa. Kingine: ikakataa. Akamfuta Baba vidole kwa kitambaa, akampaka mafuta, akamwambia apumulie kidogo, vyote kumi, hakuna. Kijana akauliza kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, ulikuwa unafanya kazi za zege?" Saruji huwala watu alama, kumbe anawajua. Baba akajibu, "Mimi fundi nguo," akairudisha mikono mfukoni.

Ni vile vidonge. Kapesitabini hushambulia viganja na nyayo: ngozi inakuwa nyeusi, inauma, inabanduka, na kwa baadhi ya watu mistari ya vidole inafifia hadi mashine haioni kitu. Tulikuwa tumeona viganja kuwa vyeusi na tukapaka mafuta mazito kama tulivyoelekezwa; ya mashine hatukuyawaza. Mistari hurudi dawa ikiachwa, na yake ilirudi, lakini kabla ya hapo fedha za wateja zilikaa kwenye laini ile huku tunazitazama kwa mbali. Kama mzazi wako yuko kwenye vidonge hivyo na ana jambo lolote la alama za vidole, laini, benki, uhakiki wa pensheni, limalizeni mapema, au mwombeni daktari barua.

Uchovu nao. Nilidhani uchovu ni usingizi, ukilala unaisha. Huu haulaliki. Baba alikuwa anaamka saa mbili asubuhi, anakunywa chai, na kufikia saa nne anatafuta ukuta wa kuegemea. Ulipungua kwa miezi, kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, na kilichousogeza zaidi ni kutembea, ingawa kwa mtu aliyechoka shauri hilo linasikika kama kejeli. Tulianza na msikitini na kurudi. Kisha hadi barabara ya Kawawa. Nilipata nguvu ya kumsumbua baada ya kusoma kuhusu utafiti uliochapishwa 2025, mwezi ule ule tuliomaliza dripu: wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Canada na Australia, wote wamekwisha kumaliza tibakemia. Nusu walipewa mpango wa mazoezi wenye mtu wa kuwafuatilia kwa miaka 3, nusu wakapewa vijitabu vya afya. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 80 katika kundi la mazoezi na asilimia 74 katika lile lingine. Mazoezi yenyewe kwa wengi yalikuwa kutembea kwa kasi. Nilimsomea Baba. Akasema, "Hao wa Canada hawana jua hili." Tukahamishia matembezi baada ya Alasiri.

Choo pia kilibadilika, kwa ajili ya ule utumbo uliokatwa zaidi kuliko dripu, na mwenyewe hataki niandike, basi niseme tu kwamba anavijua vyoo vyote vya kutoka Magomeni hadi Kivukoni, na bei zake.

Akili nayo ilikuwa na ukungu. Baba ambaye alikuwa anakumbuka kiuno cha mteja wa mwaka 1998 alianza kurudia kupima mtu yule yule mara mbili kwa siku moja. Usimcheke, na usimsahihishe mbele ya wateja. Tulimnunulia daftari la vipimo, akasema hajawahi kulihitaji maishani, akaanza kulitumia. Kwa sasa hali hiyo imepungua sana.

Kuna upweke wa ajabu unaokuja baada ya matibabu. Wakati wa dripu Baba alikuwa na watu wake: manesi wanaomwita "Fundi", wagonjwa wenzake wanaoketi naye tangu asubuhi wakilinganisha vidonda vya mdomo. Nyumbani simu zilikuwa haziishi. Dripu zilipoisha vyote vikakatika kwa pamoja. Ndugu waliona kazi imekwisha, wakarudi kwenye mambo yao, na siwalaumu sana. Yeye alikuwa akimpigia mzee mmoja wa Mbagala waliyeanza naye. Oktoba simu ile ikapokelewa na mtoto wake. Tangu hapo Baba hajampigia mgonjwa yeyote, na mimi sijamuuliza. Nilichofanya ni kumpigia kaka yangu Mwanza na kumwambia asitume fedha mwezi huo, apige simu, azungumze mpira.

Watakaobaki karibu ni wenye dawa za kienyeji. Shangazi alirudi na furushi la majani ya mstafeli: chemsha, anywe asubuhi na jioni, kansa inanyauka. Huyu ni mtu ambaye mwaka 2011 alipanda basi hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, aliyesema inaponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500, kwa hiyo kumwambia "Shangazi, haijathibitishwa" ni kupoteza pumzi. Nilimwambia jambo jingine: kwamba stafeli lina kemikali ambayo watafiti kule kisiwa cha Guadeloupe wameihusisha na ugonjwa wa kutetemeka unaofanana na Parkinson kwa watu wanaolitumia sana, na mishipa ya kaka yake tayari imeumizwa, je, tuiongezee? Akafikiri. Akasema, "Basi mlonge." Tukakubaliana mlonge uwe mboga, kwenye sufuria, na nazi. Anayetaka kumpa mgonjwa kitu cha kuchemsha, aende nacho kliniki akakionyeshe, ini na figo ndizo zitakazolipa.

Ramadhani ya mwaka huu, Februari, alitaka kufunga. Mwaka jana wakati wa dripu hakubishana. Safari hii alikuwa na uzito wake, anatembea, akaona hana udhuru. Daktari alimtazama akasema utumbo uliopasuliwa, kuharisha kwa mara kwa mara na jua la Dar bila maji mchana kutwa bado havipatani, asubiri. Imamu naye akamwambia mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani. Alitii wote wawili, kwa uso wa mtu aliyeonewa, na kila jioni alikaa nasi kwenye futari akila kwa aibu.

Kuhusu kupona sasa. Hakuna daktari aliyetuambia "amepona" na nimeacha kumngoja atakayesema. Wanachosema ni kwamba hakuna dalili za ugonjwa, na kuna kalenda. Kipimo cha damu cha CEA, kinachotafuta alama ya saratani hii, kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi utimie mwaka wa 5. CT skani za kifua na tumbo katikati. Kolonoskopi, yaani mpira wenye kamera wa kuangalia ndani ya utumbo mpana, mwaka mmoja baada ya upasuaji. Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 ya mwanzo, ndiyo sababu wanambana sasa. Bajeti ya nyumba ilijengwa kwa kuamini Juni ni mwisho wa gharama. Vipimo vikaja na bei zao, na nauli, na siku za kibaraza kufungwa. Wekeni kitu pembeni kama mnaweza.

Wiki ya kipimo nyumba yetu haiongeleki. Baba anafagia kibaraza ambacho kimeshafagiwa. Mama anaanza kuomba msamaha kwa watu. Mimi nafungua simu usiku kusoma maana ya namba ambazo bado hazijatoka. Hili halijapungua, na kwa walio mbele yetu niliowauliza, halipungui haraka. Kinachosaidia kidogo ni kupanga siku ya kipimo na ya majibu zikaribiane, na mmoja wenu awe ameulizia kabisa majibu yanatolewa saa ngapi na nani, msikae bencho la matumaini tangu alfajiri.

Kolonoskopi ilifanyika mwishoni mwa mwaka jana. Wakakuta kinyama kidogo, wakakikata hapo hapo, maabara wakasema si kansa. Daktari alipomaliza na Baba akanigeukia mimi. "Na nyinyi watoto?" Akaeleza kwamba mzazi akiugua saratani ya utumbo mpana, watoto na ndugu wa tumbo moja wanatakiwa kuchunguzwa wakifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ule mzazi aliougua, kinachotangulia. Baba aligundulika na 63, kwa hiyo kwetu ni 40. Mimi nina 38, nimebakiza kidogo. Shangazi wa majani ana 59, tumemwandikia. Kaka yangu ana 42. Nimempigia Mwanza, akasikiliza vizuri, akauliza mpira wa kamera una unene gani, kisha akasema atafanya baada ya Idd.

Idd el-Fitri imepita mwezi uliopita. Nimemwandikia ujumbe kumuuliza alikuwa anamaanisha ipi. Ameusoma.